Pwani inaishia wapi? Mipaka minne ya Pwani ya Kenya na jinsi ya kuchagua unaokufaa

Taveta iko karibu zaidi na Moshi kuliko Mombasa. Kutoka huko unauona Mlima Kilimanjaro, bahari huioni wala harufu yake huisikii, na hata hivyo kwenye kila jedwali la serikali Taveta ni Pwani. Tanga nayo ina bandari, ina minazi, ina misikiti ya kale na watu waliooana na wa Vanga tangu enzi za mababu, lakini ripoti ya "Pwani" ikiandikwa Nairobi, Tanga haimo.

Hapo ndipo wengi hukwama: mwanafunzi anayeandika tasnifu, afisa anayepanga mradi, mwandishi wa habari, mwalimu anayechora ramani ubaoni. Kila mmoja anajua Pwani ni nini mpaka aambiwe achore mstari wake. Nimesoma kazi nyingi nzuri zilizoharibika kwa sababu moja. Mwandishi ameanza na Pwani hii, akachukua takwimu za Pwani nyingine, akamalizia na historia ya Pwani ya tatu, na hakuna mahali aliposema amehama. Matokeo yake ni sentensi kama "Waswahili wa Pwani, ambao ni zaidi ya milioni nne", na sentensi hiyo si kweli kwa kipimo chochote.

Iko mipaka minne inayotumika sana: ya utawala, ya Mwambao wa maili kumi, ya maumbile, na ya lugha na utamaduni. Yote ni halali, na hakuna unaofaa kila kazi.

Tupimie nini

Kila mpaka nitauuliza maswali yale yale. Kwanza, mstari wenyewe uko wapi, na nani aliuchora? Pili, watu gani wanaingia na gani wanaachwa nje? Tatu, kuna ushahidi gani, yaani hesabu, hati, ramani au alama ardhini? Nne, unakwama wapi? Mwisho, unamfaa nani?

Swali la pili ndilo ninalolipa uzito kuliko mengine. Mstari wa ramani ukihamishwa kidogo tu, kuna kijiji kinachotoka kwenye mradi, kuna familia isiyohesabika tena kuwa ya wenyeji, kuna mzee ambaye historia yake haiandikwi. Anayechagua mpaka awe tayari kuutetea mbele ya wale aliowaacha nje.

1. Kaunti sita

Mpaka. Hii ndiyo Pwani ya serikali. Zamani ilikuwa Mkoa wa Pwani, makao yake makuu Mombasa. Katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47, zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa 2013, na sita za mwanzo kwenye orodha ndizo za Pwani: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Mkoa hauko tena, ila eneo lake halikusambaratika, kwani kaunti hizo sita zinashirikiana katika Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Mstari umo sheriani na kwenye ramani, ingawa si kila mahali umetulia: Mackinnon Road inabishaniwa na Kwale na Taita Taveta, na Mtito Andei ina ubishi wake kati ya Taita Taveta na Makueni.

Watu. Kila anayeishi ndani anahesabiwa, na huu ndio ukarimu wa mpaka huu. Hauulizi babu yako alizikwa wapi. Mtaita wa Wundanyi yumo, Mworma wa Garsen yumo, Mkamba wa Shimba Hills yumo, na aliyezaliwa Mpeketoni kwa wazazi waliotoka nyanda za juu yumo. Wamo pia watu ambao taifa lenyewe lilichelewa kuwatambua: Wamakonde wa Kwale, ambao walikuja kukubaliwa kuwa kabila la 43 la Kenya mwaka 2017, na Wapemba wa Kwale na Kilifi, ambao walisubiri hadi 2023. Kwa sensa ya 2019 kaunti hizi sita zilikuwa na watu zaidi kidogo ya milioni 4.3. Kilifi peke yake ilikuwa na 1,453,787 na Mombasa 1,208,333, yaani mbili hizo zinabeba zaidi ya nusu ya wote. Lamu, ambayo kwenye vitabu vya historia inachukua kurasa nyingi, ilikuwa na 143,920.

Ushahidi. Hapa hakuna mpinzani. Sensa, bajeti, shule, zahanati, wapiga kura, mgao wa fedha kutoka hazina ya taifa: vyote vinatolewa kwa kaunti. Ukitaka jedwali lisilo na mashimo, ni hapa.

Panapokwama. Jina linaahidi bahari na ardhi haitimizi. Taita Taveta haina ufuo hata mmoja, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni mbuga za Tsavo. Tana River ni kubwa mno, takriban kilomita za mraba 38,000, karibu nusu ya eneo lote, lakini bahari inaigusa upande wa Kipini tu. Kwa sababu hiyo "wastani wa Pwani" mara nyingi hauelezi mahali popote palipo duniani. Mombasa ina zaidi ya watu 5,000 kwa kilomita ya mraba, Tana River ina chini ya 10. Ukijumlisha na kugawanya unapata namba ambayo mkazi wa Likoni haitambui na mchungaji wa Bura haitambui.

Tena mpaka huu unakatika ghafla Lungalunga. Mdigo wa Vanga yumo, Mdigo mwenziwe wa upande wa pili hayumo, ingawa wanazikana na kuozana. Na msomaji wa Tanzania aangalie asichanganye majina: Mkoa wa Pwani wa kwao, makao yake makuu Kibaha, si pwani yote ya Tanzania bara. Bahari inaigusa pia Tanga, Dar es Salaam, Lindi na Mtwara.

Unamfaa nani. Anayeandika kuhusu bajeti, elimu, afya, uchaguzi, ajira, au jambo lolote linaloamuliwa na serikali. Haumfai anayeandika kuhusu bahari.

2. Mwambao wa maili kumi

Mpaka. Huu ndio mstari wenye historia nzito kuliko yote. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana, Sultani wa Zanzibar akiwa na sauti ndogo sana, kwamba milki yake ya bara ni ukanda wenye kina cha maili 10 za baharini, takriban kilomita 18.5, kupimwa kutoka alama ya maji yanapojaa kuingia ndani. Ukanda ulianzia Kipini upande wa kaskazini ukateremka hadi upande wa Ruvuma, pamoja na visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, na vituo kadhaa vya pwani ya Somalia. Waliokuwa wakilima, wakivua na kuzika wafu wao ndani ya ukanda huo hawakuulizwa.

Kusini mwa Vanga mstari haukuishi sana. Wajerumani walikodishiwa ukanda mwaka 1888, watu wa pwani wakawapinga kwa silaha chini ya Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani, na baada ya upinzani kuzimwa Ujerumani ililipa mark milioni nne ikauchukua moja kwa moja. Ndiyo maana huko Tanzania maili kumi hazina maana ya kisheria leo.

Upande wa Kenya mambo yalikwenda vingine. Kampuni ya Waingereza ilikodi ukanda, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua uendeshaji wake kwa kumlipa Sultani kila mwaka. Bara ilipofanywa Koloni la Kenya mwaka 1920, ukanda ulibaki himaya chini ya jina la Sultani, na bendera yake nyekundu iliendelea kupepea juu ya Fort Jesus. Mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kuchunguza hatima ya ukanda, akapendekeza uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walikubaliana: Sultani aachilie madai yake, na Kenya ilinde mahakama za kadhi, hati za umiliki wa ardhi zilizokwisha sajiliwa, na uhuru wa dini, na katika sehemu zenye Waislamu wengi watawala wawe Waislamu kadiri inavyowezekana. Zanzibar ikapata uhuru tarehe 10 Desemba, Kenya tarehe 12. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, mapinduzi yakaiondoa serikali iliyokuwa imeweka saini.

Watu. Mombasa, Mtwapa, Kilifi, Malindi, Ukunda, Msambweni na Vanga zimo. Kinango, Ganze, Hola na Voi haziko. Wadigo wengi wamo, Waduruma wengi wako nje, na hawa wote ni Mijikenda, lile kundi la jamii tisa zilizo ndugu. Lamu ni ajabu zaidi: visiwa vilikuwa vya Sultani, lakini ng'ambo yake bara kulikuwa na usultani wa Witu, ambao mwaka 1885 ulijiweka chini ya Wajerumani. Kwa hiyo anayesema "maili kumi kutoka Vanga hadi Kiunga" amesharefusha ukanda kupita mahali ulipoishia.

Ushahidi. Hati ziko: mikataba, barua za 1963, na zaidi ya yote rejista za ardhi. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilitaka kila mwenye dai la ardhi ya ukanda alilete na kulithibitisha. Waliojua njia za ofisi na waliokuwa na karatasi walipata hati. Wengi wa Mijikenda, ambao ardhi yao ilishikwa kwa ukoo na si kwa karatasi, hawakupata, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji, yaani ya serikali ya Uingereza. Ukitaka kuelewa kwa nini leo Kilifi au Kwale kuna vijiji vizima vinavyoitwa vya maskwota kwenye ardhi ambayo babu zao walizaliwa, mpaka wa maili kumi unakueleza zaidi ya ramani yoyote ya kaunti. Sensa, kwa upande mwingine, haihesabu watu wa ukanda, kwa hiyo usitafute idadi yao rasmi.

Panapokwama. Kwanza ni kupima. Hori za Mombasa na Kilifi zinaingiza maji ya chumvi mbali sana bara. Je, unapima kutoka ufuo unaotazama bahari kuu au kutoka kichwa cha hori? Ukiamua hivi Rabai inaingia, ukiamua vile inatoka. Pili ni sheria kubadilika. Mahakama za kadhi, ambazo zamani zilikuwa alama kubwa ya ukanda, leo ziko chini ya kifungu cha 170 cha Katiba na zinawahudumia Waislamu wa nchi nzima, hata wa Garissa na Nairobi.

Tatu ni siasa. Madai ya Mombasa Republican Council, kundi lililotaka Pwani ijitenge, na kile kilio cha "Pwani si Kenya", yalisimama juu ya mikataba hii. Kundi hilo lilipigwa marufuku mwaka 2010, na Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2012. Anayeandika "Mwambao" bila maelezo huenda akasomwa kama mtetezi wa upande fulani hata kama hakukusudia. Sisemi neno hilo liachwe, kwa kuwa ni letu na lina heshima yake. Nasema liandikwe pamoja na mwaka na mstari unaokusudiwa.

Unamfaa nani. Anayeshughulikia ardhi, sheria, historia ya ukoloni na madai ya kisiasa. Kwa mambo ya ardhi hauna mbadala. Haumfai anayehitaji namba za watu, na wala haufai kwa mpango wa maendeleo, maana kijiji kilicho kilomita 19 kutoka baharini kina shida zile zile za kilicho kilomita 17.

3. Pwani ya maumbile

Mpaka. Hapa hakuna mstari, kuna mikanda inayofifia kadiri unavyoingia bara: miamba ya matumbawe na nyasi za bahari, mikoko, fukwe na mawe ya tumbawe la kale, kisha mashamba ya minazi na mikorosho na mabaki ya misitu, na hatimaye nyika kavu. Ukipanda barabara ya Nairobi kutoka Mombasa utaona minazi ikianza kupungua baada ya Mazeras, na mbele ya Mariakani migunga na mbuyu vinashika nchi. Mvua inasema hivyo hivyo: Mombasa hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, Voi karibu nusu yake.

Watu. Mpaka huu hauhesabu makabila, unahesabu riziki. Mvuvi wa Gazi na wa Kiwayu wamo, mkata boriti wa Lamu yumo, mgema wa Kaloleni yumo. Mfugaji wa nyika hayumo, isipokuwa pale kwenye delta ya Tana, ambako Waorma hushusha ng'ombe wakati wa kiangazi kwenye malisho yale yale ambayo Wapokomo wanayalima.

Ushahidi. Unaonekana kwa macho na kwa picha za setilaiti. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Arabuko-Sokoke, takriban kilomita za mraba 420 kati ya Kilifi na Malindi, ndio msitu mkubwa zaidi wa pwani uliosalia Afrika Mashariki. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, iko Mombasa na ndiyo ya kuanzia kwa mambo ya samaki na mikoko. Hata sheria ina neno lake: kifungu cha 62 cha Katiba kinaifanya ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ya umma. Kwenye fukwe zetu, ambako bamvua hupandisha na kushusha maji kiasi cha mita nne, hiyo si ardhi ndogo. Kila mwenye hoteli na kila mvuvi anayekatazwa njia ya kushukia baharini anapaswa kuijua.

Panapokwama. Mito. Tana inatoka Mlima Kenya na Aberdare, na Sabaki ni mwisho wa mto Athi, ambao unabeba maji ya Nairobi. Udongo unaoyafanya maji ya Malindi kuwa mekundu wakati wa mvua umetoka mbali, na matumbawe hayaoti mbele ya mlango wa mto kama huo. Mabwawa ya juu ya Tana yakizuia maji, chumvi ya bahari inapanda kwenye mashamba ya delta. Sasa anayechora Pwani ya maumbile na kuishia kilomita 30 ataieleza hali bila kuigusa sababu. Upande wa bahari nako mstari una kesi zake: mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia, na Kenya haikuukubali uamuzi huo.

Unamfaa nani. Wa mazingira, uvuvi, kilimo, utalii wa bahari, na athari za tabianchi.

4. Pwani ya lugha na utamaduni

Mpaka. Hii ndiyo Pwani ambayo watu wake wanaijua bila ramani. Kwa urefu inavuka nchi. Barawa nchini Somalia wanasema Chimwiini. Ukishuka unakutana na Kitikuu cha Wabajuni, Kisiu, Kipate, Kiamu, Kimvita, Chichifundi, Kivumba cha Vanga na Wasini, kisha Kimtang'ata cha Tanga, Kiunguja, Kipemba, Kitumbatu, Kimakunduchi, mpaka Kimgao cha kusini, na Kimwani cha Cabo Delgado kikiwa jirani wa karibu. Komoro nao ni ndugu wa lugha. Kwa upana ni nyembamba: visiwa, miji ya mawe, vijiji vya wavuvi.

Hapo yazuka swali kubwa kuliko yote katika makala haya: je, Pwani hii ni ya Waswahili wa mijini peke yao, au inawabeba na Mijikenda na Wapokomo? Mimi nasimama na walio upande wa pili, na sababu ninazo. Kiswahili, lugha za Mijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro ni za kundi moja ambalo wanaisimu wanaliita Sabaki, kwa jina la mto ule ule wa Malindi. Mji wa mawe haukuwahi kuishi kwa bahari tu. Nafaka, pembe za ndovu, gundi, wake na waume, dawa na askari vilitoka kwa majirani wa nyuma yake. Waswahili wa Mombasa wenyewe ni Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili: Taifa Tisa na Taifa Tatu, na mataifa hayo yalikuwa na ushirika wa karne nyingi na Mijikenda waliowapakana. Pwani inayoanza na kuishia kwenye ukuta wa mji wa kale inamfuta mkulima aliyeulisha.

Watu. Katika upana huo wanaingia Waswahili wa kila mji, Wabajuni, Mijikenda wote tisa (Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Wajibana, Waribe, Warabai), Wapokomo, na Waarabu, Wabaluchi na Wahindi waliokaa vizazi vingi. Wanaoachwa kwa urahisi mno ni wawindaji wa kale: Waata, Waaweer wa Lamu, na Wadahalo, ambao lugha yao ni miongoni mwa chache za Afrika Mashariki zenye sauti za kidoko. Wataita wako mlangoni. Lugha yao, Kidawida, si ya kundi la Sabaki, lakini biashara ya misafara na kazi za bandarini zimewaunganisha na Mombasa kwa muda mrefu.

Ushahidi. Mwingi, lakini si wa namba. Kuna magofu na miji hai: Lamu iliandikwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda 2008, Fort Jesus 2011, Gedi 2024. Kuna kaburi za minara, utenzi, ngoma, vyakula. Namba za sensa, hapa, zitakupoteza. Sensa ya 2009 iliandika Waswahili zaidi ya 110,000. Ya 2019 ikaandika takriban 56,000. Watu hawapungui nusu kwa miaka kumi bila vita wala tauni. Kilichobadilika ni namna walivyojitaja na walivyoandikwa. Anayetaka kujua Waswahili ni wangapi kwa kutazama safu moja ya jedwali hilo ataudanganya umma kwa nia njema.

Panapokwama. Mpaka huu hauna mlinzi, kwa hiyo kila mtu anausogeza. Kuna anayetaka uanze na Uislamu, na hapo Wagiriama wengi na Warabai Wakristo wanatoka. Kuna anayetaka uanze na nasaba, na hapo nusu ya Mombasa inatoka. Tena kuna hatari ya kumwambia aliyezaliwa Changamwe, anayeota ndoto kwa Kiswahili, kwamba si mtu wa Pwani kwa sababu ya jina la babu yake. Mpaka wa utamaduni ukigeuzwa kuwa mpaka wa haki, unaumiza.

Unamfaa nani. Wa lugha, fasihi, historia ya miji, muziki, mapishi, makumbusho. Na anayeandika kuhusu jamii zinazovuka mipaka ya nchi, kwani mingine yote mitatu inazikata.

Mahali pachache kwenye vipimo vyote

Kabla hujaamua, chukua majina ya mahali na uyapitishe kwenye mpaka uliouchagua. Haya ni mfano.

Wasini inaingia kote: kaunti ya Kwale, ukanda wa Sultani, matumbawe, Kivumba. Mahali pa namna hii hapakusaidii kuchagua, maana kila mpaka unapakubali.

Hola imo kiutawala. Kwa Mwambao haimo kabisa. Kwa maumbile iko mbali na bahari, lakini misitu ya kando ya mto Tana, makao ya mbega mwekundu wa Tana asiyepatikana penginepo, ni ndugu wa misitu ya pwani. Kwa lugha Wapokomo wanaiingiza moja kwa moja.

Voi imo kwa utawala, na kwa mingine mitatu iko nje au mlangoni.

Mpeketoni ni Lamu kwa hesabu ya serikali na ni pwani kwa maumbile. Iko bara, kaskazini mwa Kipini, kwa hiyo haimo kwenye ukanda wa 1886. Kwa utamaduni, wengi wa wakazi wake ni wa makazi yaliyoanzishwa miaka ya 1970. Mtafiti anayefanya kazi Lamu asipoamua mapema jinsi ya kuitaja, kazi yake itaingia kwenye ugomvi ambao hakuutaka.

Moroni, Komoro, haimo kwenye mpaka wowote wa Kenya, na kwa Pwani ya lugha ni nyumbani.

Uchague upi

Ukiwa unaandika ombi la fedha, mpango wa afya au elimu, tumia kaunti sita, lakini usitoe wastani mmoja. Tenga angalau mafungu mawili: kaunti zenye ufuo mrefu, na Tana River na Taita Taveta. Wafadhili wengi hawajui tofauti hiyo, na usipowaambia, fedha za ukame wa Bura zitapangwa kwa makadirio ya Diani.

Ukiwa na mgogoro wa ardhi mikononi, anza na maili kumi na rejista ya 1908, kisha urudi kwenye kaunti kwa sheria za leo. Kinyume chake utapotea.

Ukiwa mwalimu wa shule ya msingi, waonyeshe watoto mipaka miwili kwenye karatasi moja, wa kaunti na wa maumbile, na uwaulize kwa nini haifanani. Mtoto wa Mwatate atakuwa na jibu lake, wa Kizingitini lake.

Ukiwa mwandishi wa habari, acha neno "Pwani" kila unapoweza kutaja kaunti, mji au jamii. "Wavuvi wa Shimoni" ni kweli zaidi ya "wakazi wa Pwani". Ukilazimika kusema Pwani kwa kisa cha Mombasa peke yake, ni kisa cha Mombasa.

Ukiwa unaandika kuhusu lugha au urithi, vuka mpaka wa nchi bila woga, na useme tangu ukurasa wa kwanza kama Mijikenda na Wapokomo wamo au la, na kwa nini.

Na kama kazi yako inahitaji mipaka miwili, mathalani utamaduni kwa ajili ya historia na takwimu kwa ajili ya leo, usiiunganishe katika sentensi moja. Ipe kila mmoja sura yake. Kwa namba, shuka chini ya kaunti: sensa ya 2019 ilichapisha idadi ya watu hadi ngazi ya kata ndogo. Ukiwa na orodha ya kata ndogo zilizo ndani ya mstari wako, uwe wa maili kumi, wa minazi au wa lahaja, unaweza kuzijumlisha mwenyewe na kuiweka orodha hiyo mwishoni mwa kazi yako, ili anayepinga mpaka wako aweze kuondoa kata moja au kuongeza nyingine na kuona hesabu inabadilika kiasi gani.